Mnaziua Land Rover 109 kwa stata na chupa ya petroli!

Wakuu mafundi,

Uvumilivu umefika mwisho. Land Rover 109 Series III, petroli, cc 2286, imelala uani miaka 15. Siku mwenyewe akiamua kuiamsha, fundi anafika na betri ya kuazima, chupa ya petroli na vijana wa kusukuma. Petroli inamiminwa kwenye kabureta, stata inapigwa mpaka waya zinatoa moshi. Ikigoma, gia ya pili, sukuma! Jioni mwenye gari anaambiwa "injini imenoki, tufunge ya Toyota". Haikufa kwa kulala. Mmeiua nyinyi, ndani ya nusu saa.

Gari ikikaa hivyo, ringi za pistoni zinashikana na silinda kwa kutu na valvu zinagandia kwenye gaidi (mirija zinamopitia). Ukisukuma ikiwa kwenye gia, ringi zinakatika na pushirodi (vijiti vinavyosukuma valvu) zinapinda. Na hiyo petroli yenu inaosha oili kidogo iliyobaki kwenye kuta za silinda, pistoni inasugua kavukavu.

Toeni plagi zote 4 KWANZA. Kila silinda mimina vijiko viwili vitatu vya dizeli iliyochanganywa na ATF (oili ya gia otomatiki), acha ilale usiku kucha. Kisha gia nyutro, chukua hendeli, zungusha taratibu kwa mkono. Tundu la hendeli liko pale mbele, hamjawahi kujiuliza ni la nini? Ikigoma usishindane nayo: ongeza mchanganyiko, subiri siku tatu, hata wiki. Haraka yenu ndiyo inayomgharimu mwenye gari.

Ikizunguka, fungua kava la roka (kifuniko cha juu ya injini) uangalie valvu zote 8 zinapanda na kushuka. Iliyobaki chini imenasa: idondoshee dizeli, igonge kidogo kwa nyundo ya mpira mpaka irudi yenyewe. Nafasi ya tapeti, yaani kati ya roka na valvu, ni 0.25 mm.

Oili ya zamani imwagwe kabla stata haijaguswa. Legeza nati ya sampo (bakuli la oili chini ya injini) polepole utaona maji yakitangulia, maana yanakaa chini ya oili. Ndiyo mliyotaka kuyapeleka kwenye beringi? Weka 20W-50, lita 6 hivi; ukibadilisha na filta inakaribia 7. Plagi zikiwa bado nje, piga stata sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya oili izime. Isipozima, hakuna kuwasha.

Petroli ya miaka 15 imegeuka vanishi, inanuka kama rangi. Tangi limwagwe na lioshwe. Kwa majaribio tumia galoni safi la lita 5 na mpira mpya moja kwa moja hadi kwenye pampu. Pampu yenyewe ina kijiti cha kupampu kwa mkono, kitumieni badala ya kumaliza betri. Dayaframu iliyokauka hupasuka na kuvujisha petroli hadi kwenye sampo, kwa hiyo nusa dipstiki: ikinuka petroli, zima, badilisha pampu na oili. Na kabureta ya injini hii imekaa juu ya manifoldi ya ekzosi. Tone moja likidondokea chuma cha moto, gari linaungua, na nyinyi mmesimama hapo na chupa! Kizima moto kiwe mkononi.

Moto wa plagi: kabla ya kulaumu koili, safisha platini (kontakti ndani ya distribyuta) kwa msasa laini, weka nafasi ya 0.35 hadi 0.40 mm. Nafasi ya plagi 0.75 hadi 0.80 mm. Waya za plagi zifuate mpangilio wa kuwaka wa silinda, 1-3-4-2. Filta ya hewa ni ya oili, imwage, mara nyingi ina tope na panya. Bomba la ekzosi lichokonoe, nyigu hujenga humo.

Ikiwaka itatoa moshi wa bluu dakika kadhaa, ni ule mchanganyiko unaungua. Msikanyage mafuta kwa sifa.

Mwenye gari, fundi akikataa kutoa plagi kwanza, mwondoe uani kwako. Na akiiwasha, asiitoe barabarani siku hiyo: pistoni za silinda za breki kwenye magurudumu yote manne zimekwama kwa kutu na mipira yake imekauka. Ukikanyaga mara ya kwanza inaweza kushika, ya pili pedali ikashuka mpaka chini.