Tupeane uzoefu: plau linakata shia bolti kila mara, chanzo huwa nini?

Mwanzisha uzi
Wakuu, mvua zinakaribia na matrekta yameanza kuingia shambani. Uzi huu ni wa wenye plau za bapa (moldibodi), zile ambazo kila mguu unalindwa na shia bolti. Mguu ukigonga kisiki, bolti ndogo inakatika, mguu unazunguka nyuma kwenye bolti kubwa ya egemeo, fremu inapona. Kwenye shamba jipya lenye mawe hiyo ni kazi yake. Tunachotafuta hapa ni ile hali ya kukatika kila baada ya mizunguko michache, hata pasipo na jiwe. Wekeni saizi ya bolti, mahali ilipokatikia na chanzo kinachojulikana. Plau nyingi za sahani hazina bolti hii, maana sahani hupanda juu ya kizuizi na kuendelea, hivyo tubaki kwenye bapa na ripa (chombo cha meno marefu ya kupasua udongo mgumu chini).

FundiPlau
Mkuu, kabla hujaenda dukani, okota kipande kilichokatika ukiangalie juani. Kipande chenyewe kinasema.

Uso ukiwa bapa, unang'aa wote na umeburuzika upande mmoja, bolti imekatwa kwa pigo moja: jiwe, kisiki, udongo mgumu, au bolti laini kuliko inayotakiwa. Ukikuta sehemu imeshika kutu au weusi na sehemu inang'aa, ufa ulianza zamani, bolti ilikuwa inacheza kwenye tundu na chuma kikachoka kidogo kidogo. Hapo hata ukifunga mpya kumi, zitakwenda vilevile. Bolti iliyopinda kabla ya kukatika inaonyesha tundu zimepanuka au kuna pengo kati ya mguu na mabamba ya fremu. Kichwa kikiruka peke yake, angalia ukazaji na kama bamba chini ya kichwa limelala sawa.

Halafu kagua bolti ya egemeo. Wengi huisahau kwa sababu haikatiki. Ikilegea, mguu unatikisika kila hatua na mtikisiko wote unabebwa na bolti ndogo. Inua plau, liweke juu ya magogo imara, zima trekta, kisha sukuma mguu kwa mtaimbo. Ukiona unacheza, umeshapata sehemu kubwa ya jibu.

MkulimaNgano
Niongeze kuhusu bolti zenyewe, maana hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Soma namba kichwani. 8.8 maana yake chuma kinahimili mvuto wa takribani MPa 800 (megapaskali, kipimo cha nguvu kwa eneo) kabla ya kukatika, 10.9 takribani MPa 1,000. Za inchi zina mistari: mitatu ni gredi 5, ambayo iko karibu na 8.8, na sita ni gredi 8. Kichwa kisicho na alama yoyote usikiamini.

La pili ni nyuzi. Bolti nyingi za madukani zina nyuzi mpaka kichwani. Shia bolti inatakiwa kuwa na shingo laini mahali mguu na bamba vinapokutana. M12 (bolti ya kipenyo cha milimita 12) kwenye shingo ina eneo la milimita za mraba 113, lakini kwenye mzizi wa nyuzi ni kama 76 tu. Umepoteza theluthi moja ya nguvu na bado fundi anasema "ni saizi ileile". Pima unene wa mguu na mabamba, nunua bolti ndefu yenye shingo inayovuka maungio yote, kisha kata nyuzi zilizozidi.

Dereva_Trekta
Sasa kwa nini tusiweke 12.9 au tupanue tundu tuweke M14, tumalize kazi?

MkulimaNgano
Ndugu, kutoka M12 kwenda M14 umeongeza eneo kwa asilimia 36. Nguvu hiyo haipotei hewani, inahamia kwenye mguu, kwenye fremu na kwenye mikono ya trekta. Bolti inanunulika duka lolote la vipuri, lakini fremu iliyopinda hainyooki kirahisi, na miguu ikishatoka kwenye mstari plau halilimi tena sawasawa. Fuata kitabu cha plau lako. Kama watengenezaji wameandika 10.9, weka 10.9, usishuke wala usipande. Na nondo iliyokatwa na kuchomelewa kichwa isiingie humo kabisa. Haina daraja linalojulikana, haikazi mabamba, na inatafuna tundu.

FundiPlau
Naunga mkono. Tukirudi kwenye tundu: bolti ya M12 inataka tundu la milimita 13. Likifika 15, au likiwa limevutika kama yai, usiendelee kufunga. Namna ya kulirudisha ni kusafisha grisi na kutu, kulijaza kwa kuchomelea na rodi za 7018 zilizokaushwa, kusaga uso uwe bapa, kisha kutoboa upya kwa biti ya milimita 13 kwenye mashine ya kutobolea ya mezani au ya sumaku. Drili ya mkononi huenda upande. Toboa mguu na mabamba yote mawili yakiwa yamefungwa pamoja kwenye bolti ya egemeo, la sivyo tundu hazitakutana. Kingo zikiwa kali, ziparuze kidogo tu ili kichwa kilale.

Shamba_Uasin_Gishu
Na ni mguu gani unaokata? Swali hili lisipitwe.

Ikiwa ni ule wa mbele pekee, mara nyingi toplinki (mkono wa juu unaounga plau na trekta) ni fupi mno, plau linainama mbele na mguu wa kwanza unakwenda chini kuliko wenzake. Au upana wa mtaro wa kwanza haujapangwa: pima nafasi ya ndani kati ya magurudumu ya nyuma ulinganishe na kitabu, maana ikizidi, bapa la kwanza linabeba udongo mwingi kuliko mengine. Ikiwa ni wa nyuma, toplinki huenda ni ndefu mno. Ikiwa ni mmoja wa katikati, funga kamba ya uashi kutoka ncha ya kwanza hadi ya mwisho. Ncha isiyogusa mstari, mguu wake umepinda.

Ikikata miguu yote bila mpangilio, angalia ncha na ardhi. Ncha butu iliyoviringika haizami, inasukuma udongo mbele. Na shamba lililolimwa kwa sahani kina kilekile miaka mingi huwa na tabaka gumu chini yake. Chimba shimo dogo, choma ukuta wake kwa kisu kuanzia juu. Utahisi kisu kinapogoma. Kama ni sentimita 20 na wewe umeweka plau 23, ncha inasugua tabaka hilo siku nzima. Pitisha ripa kwanza, udongo ukiwa mkavu ili lipasuke, au punguza kina cha plau.

Dereva_Trekta
Na mwendo je?

Shamba_Uasin_Gishu
Kilomita 5 hadi 7 kwa saa, na penye mawe ushuke zaidi. Kutoka 6 kwenda 9, nishati ya pigo inakuwa mara 2 na robo. Usikate kona plau likiwa chini, wala usirudi nyuma. Hapo mguu unasukumwa ubavuni, na bolti haikutengenezwa kwa mzigo huo.

FundiPlau
Wakati wa kubadilisha: plau juu ya magogo, si juu ya haidroliki peke yake, funguo ya trekta mfukoni. Toa vipande kwa panchi na nyundo, rudisha mguu kwa mtaimbo, usiingize kidole kwenye tundu kuhisi kama zimekutana, tumia panchi. Weka washa ngumu na nati mpya. M12 ya 8.8 inakazwa kama Nm 80 (nyutoni-mita, kipimo cha ukazaji), ya egemeo kama ni M20 ya 8.8 karibu Nm 390, ila kitabu kikisema tofauti kifuate. Lima saa moja, simama, kaza tena zote mbili. Rangi ikichubuka na mabamba kukaa vizuri, bolti mpya hulegea mapema, na huo ndio mwanzo wa kucheza.