Majani ya bamia yamejiviringa kama koni: nondo gani huyu?

Bustani_Uyui: Habari zenu wakuu. Niko Uyui, Tabora. Bamia zina wiki ya sita, majani yanajiviringa na kushikwa na nyuzi nyeupe. Ukifungua unakuta kiwavi wa kijani na punje nyeusi. Dawa imepigwa mara mbili, kiwavi bado mzima. Nondo wake anafananaje?

Jembe_Nzega: Huyo ni *Haritalodes derogata*, mviringa majani wa pamba. Hushambulia pia bamia na jamaa zake. Nondo ni wa krimu iliyopauka, mabawa yakitandazwa yanafika kama sentimita 3, yana mistari ya kahawia iliyopindapinda kama mawimbi. Mtazame kichwani na mgongoni karibu na shingo: ana vidoa vyeusi. Huruka usiku, na jike hutaga zaidi upande wa chini wa jani.

Yai huanguliwa kwa siku 2 hadi 6, kiwavi hula siku 15 hadi 35, pupa (hatua ya kiwavi kugeuka nondo) hukaa siku 6 hadi 12. Kukiwa na joto vizazi hufuatana, ndiyo maana unaona wakubwa kwa wadogo shambani.

Dawa inashindwa kwa sababu ya koni. Kiwavi mchanga hula wazi chini ya jani. Akikua anajifungia, na dawa ya kugusa inaishia nje. Geuza majani mara mbili kwa wiki, upige wakiwa bado wadogo, bomba likielekea juu kutoka chini. Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita 1 ya maji, loweka usiku kucha, chuja, weka sabuni kidogo, piga jioni maana jua huiua nguvu.

Shamba_Darasa: Naongezea: jani likikunjamana bila nyuzi wala kinyesi (zile punje nyeusi), si huyu. Tafuta vidukari au inzi weupe.

Bustani_Uyui: Asanteni sana. Koni nikizichuma nizitupe pembeni?

Jembe_Nzega: Hapana mkuu, hapo ndipo wengi wanakosea. Pupa, ya kahawia yenye wekundu, hukaa humohumo ndani ya koni au kwenye takataka chini ya mmea. Ukitupa pembeni, nondo anatoka na kurudi kwenye bamia zako. Chuma uzitie kwenye ndoo ya maji ya sabuni, kisha zifukie. Na mavuno yakiisha, ng'oa mashina yote uyachome.