Mapunye ya mwanangu wa miaka 5 yamegoma kupona, naombeni ushauri

Mama Tausi: Wadau habari zenu. Mwanangu yuko chekechea, mwezi wa pili huu ana mapunye. Lilianza moja kama sarafu ya mia mbili nyuma ya sikio, sasa ni matatu. Nywele zimekatika, vimebaki vidoti vyeusi na magamba kama unga. Nimemaliza tyubu mbili za kupaka. Likikauka hapa, keshokutwa linachomoza pembeni. Jirani anasema nimpake maji ya betri. Naogopa.

Kipara wa Kisogoni: Dada, maji ya betri ni asidi! Mimi nilipakwa nikiwa darasa la pili. Jina langu hapo juu unaliona, sikulichagua kwa utani.

Mfamasia Mtaani: Tyubu haina kosa, ila fangasi wa mapunye wameingia ndani ya unywele wenyewe na krimu inaishia juu juu. Dawa ni ya kumeza. Mara nyingi ni griseofulvini, wiki 6 hadi 8, pengine zaidi. Dozi inakwenda kwa uzito, kwa hiyo mpeleke kituo cha afya apimwe, usikisie. Ameze na chakula chenye mafuta, hata maziwa au karanga, ndipo inafyonzwa vizuri. Shampuu ya ketokonazo inapunguza kuambukiza wenzake, peke yake haiponyi. Na usikatishe dozi kwa kuona nywele zimeanza kuota, hapo ndipo wengi wanakwama.

Mama Tausi: Asante sana. Ila moja limevimba, ukiligusa ni laini kama embe lililoiva sana, linatoa usaha. Nilitaka nilikamue leo.

Mfamasia Mtaani: Weee, usikamue, wala mtu asilipasue! Huo ni mwili unapambana na fangasi. Likichelewa linaacha kovu, na penye kovu nywele hazirudi. Kesho asubuhi uwe kituoni.

Kinyozi Mkongwe: Mashine ikishika magamba, kuifuta na spiriti juu juu ni kujidanganya; meno yafunguliwe, yasuguliwe kwanza. Mnunulie mwanao mashine yake. Kofia, taulo na kitana asichangie na mtu. Na kama mna paka nyumbani, mkague manyoya.

Mama Tausi: Nimerudi kituoni. Kilo 17, kaanzishiwa dawa ya kumeza, tutarudi wiki ijayo waangalie uvimbe. Daktari akaniambia nimvue kofia na mdogo wake. Naye analo moja, kisogoni.