Tupeane uzoefu: kuchagua mstari mmoja unaofaa kwa kila kundi kwenye hifadhidata

Wa Tudor (mwanzilishi)
Assalaam aleikum ndugu zangu. Naomba tukusanye hapa visa vya kazini kuhusu jambo moja: jedwali lina mistari mingi kwa kila mtu au kila kitu, nawe wataka mmoja tu, ule ulio bora. Naanza na changu.

Duka moja la leso Biashara Street, Mombasa, lilitaka kuwapelekea wateja ujumbe kila mzigo mpya ukifika. Mteja huwa na namba ya WhatsApp, namba ya kawaida, na pengine ya jamaa yake. Swali (query, yaani amri ya SQL ya kuomba data) nililolikuta kwenye mfumo wao lilikuwa na sehemu ya kuchuja, WHERE aina = 'whatsapp'. Orodha ilitoka safi, kila mteja mara moja. Lakini kina bibi wa Mji wa Kale wenye simu za mulika mwizi hawakuwemo kabisa, na hao ndio wanunuao leso nyingi msimu wa harusi ukiwadia. WHERE hutupa. Haiwezi kusema "kama hiki hakipo, nipe kile". Upendeleo mahali pake ni kwenye ORDER BY, sehemu ya kupanga mistari, ili aliye na kidogo apate hicho kidogo alicho nacho. Kwa PostgreSQL, mfumo wa hifadhidata waliokuwa nao, niliandika hivi:

```
SELECT DISTINCT ON (mteja_id) mteja_id, jina, namba
FROM simu
ORDER BY mteja_id,
  CASE aina WHEN 'whatsapp' THEN 1
            WHEN 'kawaida' THEN 2
            ELSE 3 END,
  tarehe DESC, id DESC;
```

CASE hapo hutoa namba ya upendeleo, ndogo hutangulia; DESC ni kutoka kubwa au mpya kwenda chini. DISTINCT ON hubakisha mstari wa kwanza wa kila mteja kwa mpangilio uliouweka. Safu iliyo ndani ya mabano yake lazima iwe ya kwanza kwenye ORDER BY pia, la sivyo PostgreSQL hulikataa swali. Ukitaka orodha ifuate majina, lifunge swali hili ndani ya jingine kisha upange huko nje. Haya, karibuni.

Wa Shimanzi
Waaleikum salaam kaka. Mimi niko upande wa kutoa mizigo bandarini Kilindini. Kila kontena lina namba yake, herufi 4 na tarakimu 7, na matukio chungu nzima: limeshushwa, limekaguliwa, limelipiwa, limetoka getini. Mteja akipiga simu hataki historia, ataka kujua liko wapi sasa hivi.

Njia tuliyoirithi ilikuwa kutafuta MAX (kubwa kuliko zote) ya saa kwa kila kontena, halafu kuiunganisha tena na jedwali lenyewe. Hiyo hukwenda vizuri mpaka siku matukio mawili yaandikwe kwa dakika ile ile, hapo kontena moja hutoka mara mbili kwenye ripoti, na wenye mizigo wanaanza kuulizana kama wamelipishwa mara mbili. RANK, ambayo huipa mistari nafasi, pia haisaidii, kwa sababu waliofungana huwapa nafasi moja. Tulihamia ROW_NUMBER, ambayo humpa kila mmoja namba yake hata wakifungana. Lakini usipoiambia nani atangulie, itachagua yeyote, na kesho yaweza kuchagua mwingine. Kwa hivyo tulikaa na vijana wa getini wakatueleza: yakifungana, "limetoka" hushinda yote, kwa kuwa kontena likishatoka halina ukaguzi mwingine baada ya hapo. Jibu hilo hulipati kwenye kitabu chochote cha SQL, waulize walioko uwanjani.

Dada wa Changamwe
Hilo la kufungana ni kweli tupu. Langu ni la zahanati, na bado lanitia hofu.

Mfumo ulikuwa juu ya MySQL, hifadhidata nyingine, ya zamani, kabla ya toleo 5.7. Ripoti ya presha ilikusanya mistari kwa mgonjwa (GROUP BY), ikachukua MAX ya tarehe, na kando yake safu ya kipimo hivyo hivyo, bila kusema kitoke mstari upi. MySQL ile ilikubali. Basi tarehe ilitoka kwenye ziara ya mwisho, na kipimo kikatoka kwenye ziara yoyote ile. Mtu aliyepimwa juzi akiwa na presha ya juu aliweza kuonyeshwa kipimo cha mwaka uliopita, chini ya tarehe ya juzi. Hakuna kosa lililojitokeza kwenye skrini, na kila mstari ulionekana sawa.

Seva ilipopandishwa toleo, ripoti ikakataa kufunguka, kwani tangu 5.7 kanuni ya ONLY_FULL_GROUP_BY, inayokataa safu kama ile ya kipimo, huja ikiwa imewashwa. Kuna walioshauri izimwe ili kazi iendelee. Nasema msiizime! Ile kanuni ndiyo iliyotufichulia ugonjwa. MySQL 8.0 ina ROW_NUMBER: gawa kwa mgonjwa kwa PARTITION BY, panga kwa tarehe kutoka mpya, kisha chukua namba 1. Ila huwezi kuweka ROW_NUMBER ndani ya WHERE moja kwa moja, sharti uifunge kwenye swali la ndani kwanza, uchuje nje.

Wa Kongowea
Dada, pole kwa hilo. Upande wetu tuna programu ya simu ya bei za sokoni, nyanya na vitunguu, bei ya chini kabisa kwa kila bidhaa. Simu hutumia SQLite, hifadhidata ndogo iliyo ndani ya simu yenyewe, na ROW_NUMBER iliingia SQLite kwenye toleo 3.25 la mwaka 2018. Simu za Android 10 kurudi nyuma, SQLite yake ni ya kabla ya hapo, kwa hivyo kwenye hizo swali hugoma. Lakini SQLite ina tabia yake: ukitumia MIN au MAX moja tu pamoja na GROUP BY, safu nyingine hutoka kwenye mstari ule ule wenye hiyo bei. Hapo ni salama, ila usiibebe tabia hiyo ukaipeleka MySQL, umesikia yaliyompata dada.

Wa Mtongwe
Je, tarehe ikiwa tupu? Kwenye jedwali langu la PostgreSQL, rekodi zisizo na tarehe ndizo zinazochaguliwa kila mara.

Wa Tudor (mwanzilishi)
Ndivyo ilivyo, ndugu yangu. PostgreSQL huihesabu NULL, yaani thamani tupu, kuwa kubwa kuliko zote, basi ukipanga kwa DESC hutangulia. Andika tarehe DESC NULLS LAST. MySQL haina maneno hayo, ila huko NULL huhesabiwa ndogo, kwa hivyo kwa DESC huenda mwisho yenyewe. Ukihamisha swali kutoka moja kwenda nyingine, anza kukagua hapo.