Dispensa ya maji inavuja: nizibe kwa silikoni, niite fundi au ninunue nyingine?

ChumviNyingi
Wakuu habari. Dispensa yangu ya kupachika galoni juu, ya moto na baridi, ina wiki ya pili inavuja. Nikiamka nakuta dimbwi kwa nyuma, nafuta, halafu mchana kutwa pakavu. Nimepewa ushauri wa aina tatu: nizibe kwa silikoni, niite fundi, au niachane nayo nichukue ile ambayo galoni linakaa chini. Nyie mngechagua lipi? Ina miaka minne.

BisiBisi
Mkuu, umeletewa dawa tatu na ugonjwa hujaujua. Anza na galoni.

Galoni likigeuzwa, maji hushuka kwenye beseni la ndani mpaka yazibe mdomo wa galoni. Hapo hewa haiingii tena, na maji yanasimama. Sasa galoni likiwa na ufa, hata mwembamba kama unywele, hewa inapenya humo, maji yanaendelea kushuka taratibu na beseni linafurika. Ufa wenyewe hautoi hata tone, unavuta hewa tu, ndiyo maana hakuna anayelishuku galoni. Na hadithi yako ya usiku inaendana kabisa: mchana mnachota, kina kinapungua, usiku hakuna anayechota, yanafurika.

Weka galoni jingine, usubiri siku mbili. Haigharimu kitu.

MamaPacha
Yangu ilikuwa koki ya maji ya moto. Ndani yake kuna kofia ndogo ya silikoni, joto likiizoea inakakamaa na haizibi tena. Nilichomoa plagi ukutani, nikaacha maji ya moto yapoe, nikamwaga yote kwa nyuma, nikazungusha koki ikatoka. Kazi fupi. Kilichonichelewesha ni kununua koki isiyolingana, maana nyingine zina nyuzi kwa ndani na nyingine kwa nje. Nenda na ile ya zamani mkononi. Na usikaze kwa hasira, plastiki inapasuka.

Ila koki hudondosha mbele, kwenye sinia. Wewe unasema nyuma, kwa hiyo sidhani.

FundiMstaafu
Nyuma kuna watuhumiwa wengine wawili. Kwanza kifuniko cha kumwagia maji, kile unachofungua ukitaka kusafisha. Washa yake, yaani ile pete ya mpira, ikilala bapa, maji yanapita. Kausha pale, funga karatasi ya shashi kuzunguka kifuniko, urudi baada ya saa moja. Karatasi ikilowa, badilisha washa.

Pili, jasho. Tanki la baridi limevikwa povu gumu la kuzuia joto, na povu likiachia nafasi, unyevu wa hewa unageuka matone kwenye bati na kudondoka. Zima swichi ya baridi kwa siku nzima, ya moto iache. Maji yakikoma, lilikuwa jasho, hakuna kilichopasuka.

Silikoni siipendi kabisa. Ile ya bafuni huwa na dawa ya kuua kuvu, isiguse maji ya kunywa. Tena haishiki penye unyevu, na hapo panavuja!

Kibobo
Fundi aitwe lini basi? Maana wengine tukishika bisibisi ndiyo tunaharibu zaidi.

FundiMstaafu
Ukiona kutu kwenye maji ya moto, ukiona maji yanafika kwenye nyaya, au tanki lenyewe limetoboka. Na mirija ya kompresa usiiguse, baadhi ya mashine hizi zina gesi ya R600a inayoshika moto. Jambo jingine: ukishamwaga maji, usiwashe swichi ya moto mpaka koki ya moto itoe maji. Tanki likiwa tupu, hita inaungua, na hapo kweli utanunua nyingine.

Kibobo
Hiyo ya galoni chini ninayo. Nilichoka kunyanyua kilo 19. Ila usiinunue kwa kukimbia kuvuja: ina pampu na mipira mingi zaidi, yaani viungo vingi vya kulegea. Galoni lenye ufa humo linavuja waziwazi ndani ya kabati. Halafu umeme ukikatika, pampu haivuti, mnakaa mkiangalia maji mliyonayo. Ya juu inatoa maji hata gizani.

ChumviNyingi
Mrejesho, wakuu. Nimebadilisha galoni, usiku wa tatu huu pakavu. Lile la zamani nimelijaza na kulisimamisha juu ya gazeti: karibu na mshikio panalowa polepole, ufa wenyewe hauonekani mpaka ukunje kidogo plastiki. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuangalia mashine mpya!

Karatasi ya shashi nayo ililowa kidogo pale kwenye kifuniko, kwa hiyo washa nitabadilisha vilevile. Galoni nalirudisha kesho.

BisiBisi
Usilirudishe kimyakimya. Zungushia ule ufa alama ya kalamu nzito na uwaambie, la sivyo litajazwa tena na wiki ijayo mtu mwingine ataamka na dimbwi.