Baba watoto anapandikizwa uboho wiki 5 zijazo, tujiandaeje?

Kutoka: Mama wa Brooklyn Park, Minnesota

Hamjambo ndugu zangu. Wengi mmeona baba watoto haonekani kanisani tangu Februari. Tumechoka kuficha, kwa hiyo naomba niseme wazi: ni saratani ya damu, leukemia ile ya AML. Kemo imemsaidia, damu kwa sasa ni safi, lakini madaktari wanasema ugonjwa una uwezekano mkubwa wa kurudi asipopandikizwa seli shina, zile za uboho zinazotengeneza damu, za mtu mwingine. Mdogo wake aliyeko Mwanza alijipima kwa pamba ya shavuni tuliyotumiwa na hospitali, na wamelingana aina ya tishu. Atalazwa baada ya wiki 5.

Nimepewa jalada zima la karatasi. Nimelisoma mara mbili na bado sijui nianze na lipi. Waliopitia haya, nisaidieni. Mliandaa nini nyumbani? Na moyo mliuandaaje?

---

Kutoka: Kaka wa St. Paul

Dada, pole sana, na umfikishie shemeji pole zangu. Mimi nina mwaka wa 3 tangu nipandikizwe. Aliyenichangia ni dada yangu ninayemfuata kuzaliwa. Nilikuwa kundi O la damu, leo ni kundi A kama yeye. Nitaandika kirefu, maana wakati wangu nilitamani sana mtu aniandikie kwa lugha yetu na sikumpata.

Huyo mdogo wake wa Mwanza ni baraka kubwa. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kila mmoja ana nafasi 1 katika 4 tu ya kulingana nawe kikamilifu. Nje ya familia, kwa hesabu za NMDP, sajili ya wachangiaji ya hapa Marekani, mtu mweusi ana nafasi ya asilimia 29 ya kumpata wa kulingana naye kikamilifu, mzungu asilimia 79. Wengine mnaosoma na mna mgonjwa asiye na ndugu wa kulingana, msikate tamaa: siku hizi wanapandikiza hata seli za mzazi au mtoto anayelingana nusu.

Viza ishughulikieni leo, si kesho. Dada yangu alinyimwa mara ya kwanza kwa sababu alikwenda na barua ya mistari minne, "ana ndugu mgonjwa", basi. Barua ya pili aliiandika daktari wa upandikizaji mwenyewe: ugonjwa gani, kwamba huyu ndiye aliyelingana, tarehe za kupimwa na kuchangia, nani analipia malazi na matibabu, na anarudi lini nyumbani. Safari hiyo akapewa. Muulizeni mratibu wa hospitali pia kama seli zinaweza kukusanywa nje ya Marekani zikaletwa kwa ndege, viza ikikataa kabisa. Na muulize kama watazikusanya na kuzigandisha kabla shemeji hajaanza kemo ya maandalizi. Kemo hiyo inaua uboho wake wote. Ikishaingia mwilini hakuna kurudi nyuma, ni lazima seli za ndugu ziwe zimehakikishwa.

Sasa hesabu ya siku. Siku ya kupokea seli wanaiita siku ya sifuri, kisha wanahesabu hadi 100. Katika siku hizo mgonjwa akishatoka wodini haruhusiwi kubaki peke yake: ni lazima awe na mtu mzima mchana na usiku, na wakae karibu na hospitali. Kama kazini kwako sheria ya FMLA inakuhusu, unapata wiki 12 za likizo bila mshahara za kumuuguza mumeo. Wiki 12 ni siku 84. Zinazobaki atazishika nani? Na ukiugua mafua, ambayo yatakufanya usimkaribie, nani ataingia badala yako usiku huo? Sisi hatukuliandaa hili. Siku ya 40 mke wangu alipata homa, tukaanza kupiga simu saa sita usiku kutafuta mtu. Andika majina matatu sasa, wakubali kwa midomo yao, na waje hospitali kufundishwa dawa na kupima joto pamoja nawe. Nyuzi 38 za Selsiasi na kuendelea ni kupiga simu hospitali papo hapo hata kama ni alfajiri, wala usimpe dawa ya kushusha homa kwanza.

Siku ya sifuri yenyewe itakushangaza. Mfuko mdogo mwekundu unaning'inizwa, unaingia kupitia mrija wa kifuani kama damu ya kawaida, na ndani ya saa moja au zaidi kidogo imekwisha. Mchungaji wetu aliomba kwa simu, mke wangu akalia, mimi nikalala. Ugumu ulikuja baada ya wiki moja. Mdomo na koo vilijaa vidonda, hata mate nilishindwa kumeza, nikawekewa mashine ya dawa ya maumivu. Chembe nyeupe zilikuwa sifuri kila asubuhi, muuguzi anaandika ubaoni, sifuri, sifuri. Siku ya 17 akaandika namba. Kwa dawa fulani za kemo, kutafuna barafu wakati dawa inaingia hupunguza vidonda hivyo. Ulizeni kama ya shemeji ni mojawapo.

Kuhusu moyo. Mimi nilimficha mama yangu. Yuko Kisii, ana presha, nikasema nitamwambia nikishapona. Akasikia sokoni kutoka kwa mtu ambaye mwanawe yuko huku. Alinipigia simu nikiwa na vidonda mdomoni, siwezi kuongea, akawa analia na mimi siwezi kumjibu. Hilo ndilo ninalolijutia katika safari nzima. Mwambieni mama mkwe wako mapema, shemeji mwenyewe aongee naye wakati bado ana sauti, na mteue mtu mmoja wa familia wa kutuma habari kila jioni ili simu yako isikumalize.

Na karatasi za kuamua nani atamsemea akishindwa kusema, pamoja na wosia, zisainiwe kabla ya kulazwa. Wazee wetu watasema ni uchuro. Mimi nilipomaliza kusaini nilipata usingizi wa kwanza mzuri baada ya mwezi.

Jambo moja la mwisho, la faragha, lakini hakuna aliyeniambia mpaka nilipouliza: kemo hii kwa kawaida huondoa uwezo wa kuzaa. Kama bado mnatamani mtoto, mbegu zihifadhiwe sasa.

Mtie shemeji moyo: hapa hapa, Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1968 mtoto mchanga wa miezi michache alipandikizwa uboho wa dada yake akapona.

---

Kutoka: Mama Muuguzi, Seattle

Kaka amesema vizuri. Naongeza yale ninayoyaona wodini yanayowahusu watu wa kwetu.

Mwanangu, waambie madaktari mumeo alikulia wapi. Waambie kijiji, ziwa, kutembea pekupeku. Kuna mnyoo unaitwa strongiloidesi, unaingia kupitia ngozi ya mguu na unaweza kukaa mwilini miaka 30 mtu hana habari. Kinga ikishushwa unasambaa na unaua. Kipimo ni cha damu, dawa ni vidonge vya ivermectin, ni kazi ndogo kama imefanywa kabla. Vilevile kifua kikuu kilicholala: sisi tulichanjwa BCG, kile kipimo cha kuchoma ngozi kinaweza kudanganya, waombe cha damu. Na homa ya ini ya B. Usingoje waulize. Daktari aliyekulia hapa huenda asiwaze ziwa.

Mashemeji na mashangazi watatuma vitu kwa wasafiri: mwarobaini, mlonge, mafuta ya habasoda, asali ya nyuki wadogo. Wanatuma kwa upendo. Pokea, shukuru, weka kabatini, usimpe. Atakuwa anatumia dawa ya kuzuia seli za ndugu zisimshambulie, kama takrolimasi, na mitishamba inaweza kupandisha au kushusha kiwango chake katika damu bila wewe kujua. Balungi nalo ni marufuku kwa sababu hiyohiyo. Maziwa yasiyochemshwa, mala ya kienyeji, mayai mabichi na nyama isiyoiva, aache. Ugali, samaki aliyeiva vizuri, uji wa unga uliochemka, ni vyema, na mara nyingi ndivyo vinavyorudisha hamu ya kula.

Seli mpya kumshambulia ni jambo la kulijua mapema. Vipele mikononi na nyayoni, kuhara kwingi, macho ya njano: piga simu siku hiyohiyo, usisubiri miadi. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani kama kwenye picha za vitabu vyao, utauona kama weusi au kijivu, au atasema tu inawaka. Mwamini anaposema inawaka.

Chanjo zote za utotoni zinaweza kufutika, atachanjwa upya kuanzia miezi kadhaa baadaye. Zile za vijidudu hai husubiri angalau miaka 2, na ya homa ya manjano ni mojawapo, kwa hiyo safari ya nyumbani msiikatie tiketi bila daktari. Meno mabovu yang'olewe au yazibwe sasa, kabla ya kemo.

---

Kutoka: Mchangiaji, Columbus, Ohio

Samahani, mimi si mgonjwa. Nilimchangia kaka yangu. Naomba kumsemea huyo kijana wa Mwanza.

Nilichomwa sindano za kuongeza seli siku 5. Mifupa ya kiuno na mgongo iliuma kama malaria, kisha nikakaa kwenye mashine saa 5, damu inatoka mkono huu inarudi mkono ule. Baada ya siku chache nilikuwa mzima. Hilo si zito.

Zito ni kwamba familia nzima ilinitazama. Kaka alipopata matatizo ya utumbo siku ya 60, niliambiwa ni seli zangu zinamshambulia. Hakuna aliyenilaumu, ila nilijilaumu mwenyewe, nililia garini kila siku kabla ya kuingia kazini. Mwambieni mapema kwamba hilo linaweza kutokea na si kosa lake. Apewe daktari wake mwenyewe, tofauti na wa mgonjwa, na majibu ya vipimo vyake, ukimwi, homa ya ini, chochote kile, ni siri yake. Yasipitie kwa shemeji wala kwa mama. Na awe huru kusema hapana kabla kemo ya kaka yake haijaanza, bila kikao cha ukoo.

---

Kutoka: Mama wa Brooklyn Park, Minnesota

Nimesoma yote na baba watoto, usiku, tumeshikana mikono.

Leo mratibu amekubali kuandika barua upya kama Kaka alivyoeleza, na kesho baba watoto ana miadi ya meno. Ameomba vipimo vya mnyoo na kifua kikuu. Daktari alimuuliza amejuaje, akamwambia mama mmoja muuguzi. Kwa mdogo wake nimepiga simu mwenyewe, nikamwambia maneno ya yule dada wa Columbus. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shemeji, mimi nakuja, lakini asante kwa kuniuliza."

Baba watoto anaongea na mama yake Jumapili baada ya ibada. Nina majina mawili ya kukaa naye. Natafuta la tatu, mtu wa zamu za usiku, kuanzia mwezi wa pili baada ya siku ya sifuri. Anayeweza, anipigie simu.