Naomba ushauri: haki za watoto kwa vitabu vya picha, bila kugombana na wazazi

NyarNyalenda
Habari zenu wadau. Niko Kisumu, mtaa wa Nyalenda. Jumamosi alasiri nawasomea watoto wa majirani, wa PP2 (mwaka wa pili wa chekechea) hadi gredi ya tatu, vitabu vya picha vya kuazima. Tukimaliza kusoma tunakata na kubandika. Sasa nataka tuguse haki za watoto. Kifungu cha 53 cha Katiba nakijua, lakini mtoto wa miaka sita ukimtajia "huduma za afya" anakutazama tu. Tena mzazi mmoja ameshanionya: usije ukamfundisha mwanangu kunijibu. Nianzie wapi? Pesa hakuna. Nina katoni za dukani na vipande vya vitenge anavyotupa fundi cherehani.

MwlKaptembwo
Mwalimu, hongera. Katiba ibaki kabatini kwanza. Chukua kitabu chochote chenye mtoto ndani, hata kama neno haki halimo. Simama kwenye picha moja, uliza: huyu anahitaji nini? Nani anapaswa kumpa? Kisha nyamaza, waache wabishane.

Mimi hapa Nakuru huanza na jina, kwa sababu ndilo la kwanza kwenye hicho Kifungu cha 53: jina na uraia tangu kuzaliwa. Kila mtoto akate kadi ya katoni, aandike jina lake, amchore aliyempa. Huko kwenu utafaidi hadithi, maana majina ya Kijaluo husema mtoto alizaliwa lini: kina Atieno wa usiku na kina Okoth wa mvua. Kadi zikifika nyumbani, ulizia vyeti vya kuzaliwa. Hapo hata mzazi mkali atakaa akusikilize, maana shule humsumbua kwa hicho cheti.

BabaWatatu
Mimi niko Kakamega na namuunga mkono huyo mzazi. Watoto wa siku hizi haki wanazijua, wajibu hawaujui. Hata Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto unasema mtoto awaheshimu wazazi na wakubwa. Mbona hilo halichorwi?

DadaMaktaba
Baba, ni kweli, Kifungu cha 31. Ila kisome chote: ni kwa kadiri ya umri na uwezo wa mtoto. Na ukigeukia ule wa Umoja wa Mataifa wa 1989, Kifungu cha 31 ni kupumzika na kucheza! Basi wafundishwe yote mawili.

NyarNyalenda, vile vitenge vitoe vikaragosi vya vidole, mzazi na mtoto. Mada iwe ndogo: nani achote maji, nani acheze kwanza. Wakishaigiza, wabadilishane, aliyekuwa mtoto awe mama. Utawasikia wakigomba kwa sauti za mama zao hasa, utacheka. Wazazi waalike siku hiyo waone wenyewe. Kuwaeleza kwa mdomo hakutoshi.

Ustawi_Vihiga
Niongeze moja, na tafadhali usiliruke. Kikaragosi hufungua midomo. Mtoto anaweza kusema chake kinapigwa usiku, au kuna mjomba kinamwogopa. Usimhoji mbele ya wenzake, wala usimwahidi kuwa itabaki siri. Mwambie amefanya vizuri kusema, kisha piga 116, simu ya kuwasaidia watoto, ni bure, au umwone afisa wa watoto wa kaunti ndogo yenu. Namba hiyo ibandike ukutani kabla hamjaanza kushona. Na picha za watoto zisiende kwenye magrupu ya WhatsApp.

NyarNyalenda
Asanteni sana. Jumamosi hii tunaanza na kadi za majina. Vikaragosi vitasubiri hadi nionane na afisa, nijue ofisi yake iko wapi. Baba Watatu, wajibu tutauchora pia, lakini wachague wenyewe upi. Gundi ya unga wa ngano inakaa muda gani?

DadaMaktaba
Ipike siku hiyo hiyo. Kwa joto la Kisumu, kesho yake inanuka. Na kazi zikikauka zitundikwe juu, panya wanaipenda hiyo gundi kuliko watoto.